Benki yasema anza kwa mwenye ardhi, mwenye ardhi asema anza benki: nyumba ya lizi yenye mkopo niipangishe vipi?

Swali, kwa ufupi. Msomaji ni nesi anayeishi Oldham, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 2019 alinunua kwa mkopo wa benki nyumba ya matofali iliyoungana na za majirani, nyumba ya lizi ya miaka 999 iliyoanza kuhesabiwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, yaani amenunua haki ya kuimiliki kwa muda huo huku ardhi ikibaki ya mtu mwingine. Septemba anakwenda Dar es Salaam kumuuguza mama yake, anakadiria miaka miwili, na angependa nyumba ipate mpangaji ili mkopo ujilipe. Benki imemwambia kwa simu alete kwanza ruhusa ya mwenye ardhi. Kampuni inayosimamia ardhi imemjibu kwamba kibali ni pauni 250, na kwanza alete ruhusa ya benki. Rafiki yake kamshauri apangishe kimyakimya. Anauliza aanzie wapi. Pia anauliza: mdogo wake akikaa humo bila kulipa kodi, ruhusa inahitajika?

Jibu

Dada, pole na kuuguza.

Nianze na hizo pauni 250: usizilipe kwanza. Huenda hudaiwi kibali chochote.

Watu wetu wengi huku huzitia ruhusa hizi mbili kapu moja, kumbe kila moja ina asili yake. Ya benki inatokana na mkataba wa mkopo. Ulikopeshwa kwa riba ya mtu anayelala ndani ya nyumba yake, na ukaahidi hutampangisha mtu bila benki kukubali. Benki ikikataa imekataa, huna mahali pa kuilazimisha. Ya mwenye ardhi inatokana na lizi, na lizi haina nguvu zaidi ya maneno yaliyoandikwa ndani yake. Kama haikusema lazima uombe, yeye hana ruhusa ya kukupa wala ya kukuuzia. Lakini kampuni hizi zikipata barua pepe inayosema "naomba ruhusa ya kupangisha", hazikurudishii jibu kwamba huhitaji. Zinakutumia ankara. Nimeona watu wakilipia vibali ambavyo hakuna karatasi duniani inayovidai, kwa sababu tu waliuliza kwa unyenyekevu.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mtu yeyote tena, kaa na lizi yako jioni moja. Kama huna nakala, wakili aliyekununulia nyumba anaweza kuwa nayo. Asipokuwa nayo, msajili wa ardhi, HM Land Registry, anauza dondoo la usajili kwa pauni 7 kwenye tovuti ya serikali, na dondoo hilo litakuonyesha kama nakala ya lizi imehifadhiwa kwake ili uiagize. Angalia uwe kwenye tovuti ya serikali kweli. Zile zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi zinauza karatasi ileile kwa bei ya kuruka. Nyumba za umri wa yako, wakati mwingine lizi yenyewe ilishapotea na kilichobaki ni masharti yaliyonakiliwa kwenye usajili. Usiogope. Anayedai kwamba kuna sharti ndiye wa kulionyesha.

Unachotafuta ni sehemu inayoorodhesha ahadi za mwenye lizi, yaani wewe, na humo, sentensi inayogusa kupangisha, kuhamisha au kumwachia mtu mwingine nyumba. Soma polepole, maana Kiingereza cha mawakili wa miaka ile hakina nukta wala mkato. Ikiwa hakuna kitu, basi unaruhusiwa. Katika sheria ya Uingereza, mwenye lizi ana haki ya kupangisha isipokuwa kama lizi imemzuia. Ikiwa imeandikwa kwamba ukishapangisha umpe mwenye ardhi taarifa, tuseme ndani ya mwezi mmoja, na ada ya kuiandikisha, basi wajibu wako ni taarifa, na taarifa si ombi. Hutangulizi kuuliza. Unapangisha, unatuma barua, unalipa ada iliyotajwa humo humo. Katika lizi kongwe utaikuta ada hiyo imeandikwa kwa gini moja, yaani pauni moja na senti tano za leo, na bado kuna makampuni yanayothubutu kutoza mia na kitu juu ya sentensi hiyo.

Maneno yanayosumbua ni yale yanayosema usipangishe "bila ridhaa ya mwenye ardhi". Hapo ndipo watu hukata tamaa, wakati hapo ndipo sheria imewasaidia zaidi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1927, kifungu cha 19, inaongeza maneno ambayo lizi haikuyasema: ridhaa hiyo isinyimwe bila sababu ya msingi. Sheria nyingine ya mwaka 1988 ikamwekea mwenye ardhi wajibu wa kujibu kwa maandishi ndani ya muda unaofaa, na kama anakataa aseme kwa nini. Akikaa kimya miezi akikuzungusha, anaweza kudaiwa fidia.

Lakini kifungu hichohicho cha 19 kina kijipande cha pili, ambacho hata baadhi ya mawakili wanaoshughulika na maghorofa ya kisasa hawakikumbuki, na kwa nyumba kama yako huenda ndicho kinachomaliza kesi. Kama lizi ilikuwa ya zaidi ya miaka 40, ikatolewa kwa makubaliano ya kujenga nyumba juu ya ardhi hiyo au kuifanyia ujenzi mkubwa, na aliyeitoa si idara ya serikali, halmashauri wala taasisi ya umma, basi kupangisha kunakofanyika zaidi ya miaka saba kabla lizi haijaisha hakuhitaji ridhaa kabisa. Kinachotakiwa ni kumpa taarifa ya maandishi ndani ya miezi sita baada ya kupangisha. Sasa fikiria nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya pamba zilivyojengwa Oldham, Bolton na Rochdale. Mwenye shamba alimkatia mjenzi kipande kwa miaka 999, kwa pango la ardhi la pauni chache kwa mwaka, kwa sharti kwamba asimamishe nyumba. Lizi nyingi za huko ni za aina hiyo hasa. Tazama kurasa za mwanzo za yako: ikiwa mjenzi anaahidi kujenga nyumba za thamani fulani ndani ya muda fulani, na una zaidi ya miaka 800 mbele yako, nina matumaini makubwa na wewe.

Kuna aina ya mwisho, marufuku kamili isiyotaja ridhaa yoyote. Hiyo sheria ya 1927 haiigusi, na mwenye ardhi anaweza kukataa au kukupangia bei. Kwenye nyumba za zamani za kaskazini si jambo la kawaida. Ila wasomaji wengine walionunua sehemu tu ya nyumba kwa mpango wa umiliki wa pamoja na chama cha nyumba, wajue kwamba kwao marufuku ndiyo kawaida. Na walionunua nyumba mpya kwa mkopo wa serikali wa Help to Buy wana mlango wa tatu wa kubisha, wa Homes England, shirika la serikali la nyumba, ambao hauruhusu kupangisha ila kwa sababu maalumu.

Turudi kwenye ada. Tuseme umesoma na kweli kibali kinahitajika. Sheria ya mwaka 2002 iliyorekebisha mambo ya lizi inasema ada ya kibali lazima iwe ya kiasi kinachofaa, na ankara yake iambatane na maelezo ya haki zako. Yasipokuwepo, unaweza kuzuia malipo mpaka yaletwe. Ukiona ni kubwa mno, unaipeleka kwenye baraza la mali, yaani mahakama ndogo ya migogoro ya nyumba na ardhi. Mwaka 2012 Baraza la Juu, linalosikiliza rufaa zake, liliona kwamba pauni 40 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani zinatosha kwa kibali cha kawaida cha kupangisha. Hiyo si bei iliyopigwa msumari, kila shauri linatazamwa kwa kazi iliyofanyika, lakini ukiitaja kwenye barua yako, 250 huwa inaanza kushuka. Na ukilazimika kulipa kwa sababu ya haraka ya safari, andika kwamba unalipa bila kukubali kiasi hicho. Kulipa peke yake hakukuzuii kulalamika baadaye.

Barua yako kwa kampuni iwe fupi. Usiandike "naomba ruhusa". Andika: "Mmenitaka nilipie kibali cha kupangisha. Tafadhali nionyesheni kifungu cha lizi kinachokitaka, na kifungu kinachotaja ada." Wengi hushindwa kujibu barua hiyo, na kushindwa kwao ni ushahidi wa kuupeleka benki.

Hapo ndipo unakata kamba ya hawa wawili wanaokutupiana kama mpira. Benki haitaki saini ya mwenye ardhi kwa kuipenda. Inataka uhakika kwamba kupangisha hakuvunji lizi, kwa kuwa lizi ikivunjwa na kufutwa, dhamana yake inayeyuka. Kwa hiyo kama lizi haitaki kibali, wapelekee nakala ya ukurasa husika na sentensi mbili za maelezo, ikibidi barua ya wakili. Kama lizi inataka kibali, iombe benki itoe ruhusa yenye sharti, yaani "tumekubali, mradi mwenye ardhi naye akubali pale lizi inapotaka". Karatasi hiyo unampelekea mwenye ardhi. Katika kuomba ruhusa zenyewe, mimi huanza na benki kila mara, kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kusema hapana moja kwa moja. Hakuna faida ya kununua kibali cha ardhi halafu benki ikufungie mlango.

Na benki usiiulize tena kwa simu. Yule anayepokea simu anasoma maswali kwenye skrini yake. Jaza fomu yao ya ruhusa ya kupangisha, au andika, ueleze sababu ya kuondoka, muda, kodi unayotarajia, nani atasimamia nyumba, na kwamba utabadilisha bima. Sema miaka miwili kama ni miwili. Ukisema miezi sita ili wakubali haraka, ruhusa itaisha ukiwa Muhimbili na mama. Kama mkopo ni wenu wawili na mwenzio, wote mtie saini. Deni la nyuma lisiwepo, wala mwezi mmoja. Wakikubali, tegemea kitu cha kulipa: ada ya mara moja, au riba kupanda kidogo, au vyote. Mara nyingi ruhusa huwa ya miezi 12 na kuombwa upya, au hadi muda wa riba isiyobadilika uishe. Andika tarehe hiyo ya mwisho mahali utakapoiona ukiwa Dar. Wakikataa, watakuelekeza kwenye mkopo wa nyumba za kupangisha. Kabla ya kuhamia huko uliza adhabu ya kuvunja mkopo wa sasa mapema ni kiasi gani, maana inaweza kula kodi ya miezi mingi.

Kwa wasomaji walioko nyumbani, msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamwekea kila aliyeweka ardhi rehani ahadi ya kutopangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila ridhaa ya maandishi ya mkopeshaji, hata kama mkataba haukuitaja, na ridhaa hiyo isikataliwe bila sababu. Dada wa Oldham hana bahati ya maneno hayo ya mwisho kwa upande wa benki yake.

Sasa huyu rafiki wa kimyakimya. Anakutakia mema, lakini nyumba yenye mpangaji haijifichi. Jina la mpangaji linaingia kwenye kodi ya halmashauri, kwenye umeme, kwenye daftari la wapiga kura. Amana yake inasajiliwa. Benki ikigundua inaweza kukutoza riba ya juu kwa kurudi nyuma au kudai mkopo wote. Hilo la mwisho si la kila siku. Linalonitisha mimi ni bima. Bima ya mtu anayekaa kwake inaweza kukataa kulipa pale inapokuta mpangaji ambaye haikuambiwa, na moto hauna subira ya kusubiri urudi. Kwa upande wa lizi, mwenye ardhi hawezi kukunyang'anya nyumba kwa barua tu. Sheria ya 2002 inamtaka kwanza athibitishe uvunjaji mbele ya baraza, au wewe mwenyewe ukiri. Ila gharama za safari hiyo anaweza kukutwika. Mwisho kabisa kuna mpangaji mwenyewe, ambaye hana kosa: benki ikichukua nyumba iliyopangishwa bila ruhusa yake, kwa kawaida ulinzi wake pekee ni kuiomba mahakama miezi miwili ya kuhama.

Wala usishawishike kuwapokea wageni wa siku mbili tatu kwa mtandao ukidhani huko si kupangisha. Mwaka 2016 Baraza la Juu liliamua kwamba lizi inayosema nyumba itumike kama makazi binafsi tu ilivunjwa na upangishaji wa namna hiyo. Sentensi ya "makazi binafsi" imo kwenye lizi nyingi mno.

Jambo ambalo hukuuliza, na ambalo kwa safari yako ni zito: utairudia vipi nyumba yako? Tangu tarehe 1 Mei 2026, Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeondoa kwa Uingereza ile mikataba ya miezi 6 au 12 iliyokuwa ikiisha yenyewe, pamoja na notisi ya kumtoa mtu bila sababu. Mpangaji wako atakaa mwezi kwa mwezi, yeye akiondoka anapotaka kwa notisi ya miezi miwili, wewe ukimtoa kwa sababu zilizotajwa tu. Kurudi kuishi mwenyewe ni mojawapo, lakini huwezi kuitumia kumtoa ndani ya mwaka wa kwanza, na notisi yake ni miezi minne. Asipotoka, ni mahakamani. Ukipanga kurudi Septemba miaka miwili ijayo, notisi iwe imetoka mwishoni mwa Aprili. Na mambo ya mama mgonjwa hayana kalenda, kwa hiyo jiulize leo utalala wapi kama utalazimika kurudi baada ya miezi mitano. Ukikuta barua ya benki au lizi inakutaka umpe mpangaji mkataba wa aina ile ya zamani ya muda mfupi, wataje sheria mpya na upate kwa maandishi kwamba upangaji wa sasa wanaukubali. Masharti ya lizi au mkopo yanayokataza wapangaji wenye watoto au wanaopokea msaada wa serikali hayana nguvu tena.

Kuna pia kodi ya mapato. Ukiishi nje kwa miezi sita au zaidi kwa mwaka, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inakuhesabu mwenye nyumba aliye ng'ambo, na wakala wako analazimika kukata asilimia 20 ya kodi anayolipa mpangaji, baada ya matumizi, na kuipeleka serikalini, isipokuwa umejaza fomu ya NRL1 ukakubaliwa kupokea yote na kujihesabia mwenyewe mwisho wa mwaka. Usipokuwa na wakala, mzigo huo unamwangukia mpangaji anayelipa zaidi ya pauni 100 kwa wiki, na wachache wanaujua. Jaza fomu kabla hujapanda ndege. Riba ya mkopo haikatwi tena kwenye mapato. Unapata nafuu ya asilimia 20 ya riba hiyo tu, basi piga hesabu upya kama kweli "mkopo utajilipa".

Mengine wakala mzuri atayashika: cheti cha gesi kila mwaka, ukaguzi wa umeme kila miaka mitano, cheti cha nishati kisichopungua daraja E, ving'ora vya moshi, amana isiyozidi kodi ya wiki tano na isajiliwe ndani ya siku 30, na kukagua haki ya mpangaji kuishi Uingereza. Halmashauri nyingine zinataka leseni ya kupangisha kwa mitaa fulani. Ulizia mtaa wako, maana faini yake si ya kuchezea.

Nimalize na mdogo wako. Akikaa bure kama ndugu, hujapangisha, na kwa lizi za kawaida hujavunja sharti la kupangisha, hasa ukibakiza chumba chenye vitu vyako. Lakini ahadi yako kwa benki ni kwamba wewe unaishi humo, kwa hiyo waandikie hata hivyo. Wanaweza kumtaka asaini karatasi kwamba hana dai lolote juu ya nyumba mbele yao, na aisaini. Bima nayo iambiwe. Kodi ya mapato haipo kama hakuna kinacholipwa, na siku ukirudi hakuna notisi ya miezi minne. Kusema kweli, kama mkopo unaweza kuubeba bila mpangaji, njia hii ningeitazama kabla ya ile nyingine. Ila akianza kukutumia pauni 200 kila mwezi "za kusaidia mkopo", huo unaanza kuonekana kuwa upangaji, na hapo maelezo yote ya juu yanakuhusu.